Hoja Zisizogusa Swali: Funzo kutoka Michoro ya Miambani ya Kolo

UTANGULIZI

Kazi ya mchungaji kwa sehemu kubwa ni kazi ya maneno. Huhubiri, hufundisha darasa la Kipaimara, husuluhisha wanandoa, huongoza kikao cha wazee wa kanisa, na mara kwa mara huombwa rai katika mambo ya kijiji ambayo hayamo katika kitabu cha ibada. Katika yote hayo yeye hutoa hoja na kupima hoja za wengine. Hata hivyo wanafunzi wengi wa theolojia huliona somo la mantiki kuwa mali ya wanafalsafa, jambo la kufaulia mtihani na kisha kuliacha chuoni.

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba sivyo. Tutazungumzia hasa aina moja ya upotofu wa hoja, nayo ni ile ambayo sababu inayotolewa haigusi swali lililoulizwa. Upotofu huu hutunasa kwa urahisi kuliko mwingine, kwa maana mara nyingi sababu yenyewe ni ya kweli, husemwa kwa uchungu, na huwapendeza wasikilizaji. Kasoro haiko katika sababu. Iko katika daraja linalodhaniwa kuiunganisha sababu hiyo na hitimisho, kumbe daraja halipo.

Ili tusiseme hewani, tutachukua mfano mmoja na kukaa nao: mabishano yanayozunguka michoro ya miambani ya Kolo, katika nchi ya Warangi, mkoani Dodoma.

SWALI LA KOLO

Kolo ni kijiji kilichoko kando ya barabara kuu iendayo Babati, kilomita zipatazo 25 kaskazini ya mji wa Kondoa. Katika miamba ya vilima vya eneo hilo kuna michoro ya kale ya wanyama na watu, mingi ikiwa ya rangi nyekundu, na mingine, ya baadaye, ya rangi nyeupe. Michoro hiyo ilitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1937, na mwaka 2006 UNESCO iliandikisha eneo la kilomita za mraba 2,336 katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mapango yenye michoro hukadiriwa kuwa kati ya 150 na 450. Wataalamu wengi huihusisha michoro myekundu na wawindaji wa kale, watu wa asili moja na Wasandawe na Wahadza, na ile myeupe na wakulima waliofika baadaye.

Lakini miamba hii si makumbusho tu. Pango liitwalo Mungumi wa Kolo limekuwa mahali pa tambiko kwa vizazi vingi. Watu hupanda huko kuomba mvua na uponyaji, wakichukua mbuzi na pombe ya kienyeji, na watu wa mambo ya kale wamelalamika kwamba pombe inayorushwa ukutani huiharibu michoro. Tena wilaya ya Kondoa ina Waislamu wengi, Wakristo wachache, na wazee washikao mila katika pande zote mbili. Basi Mkristo aishiye chini ya miamba hiyo huuliza: tuitendeje michoro hii, na tuseme nini juu ya matambiko yanayofanyika mbele yake?

Tunaomba msomaji aone kwamba hapa hakuna swali moja bali manne. La kwanza: ni nani waliochora? La pili: je, michoro ihifadhiwe? La tatu: je, Mkristo ashiriki tambiko? La nne: je, tambiko huleta mvua? La kwanza ni swali la historia, la pili ni la uwakili wetu juu ya vitu, la tatu ni la imani, na la nne ni la sababu na matokeo. Hoja yenye nguvu katika swali la tatu huenda isiwe na uzito wowote katika la pili. Sehemu kubwa ya ubishi hutokana na kuruka kutoka swali moja hadi jingine bila kutangaza kwamba tumeruka.

KIPIMO

Jambo hili si jipya. Katika karne ya nne kabla ya Kristo Aristotle aliandika kitabu kizima juu ya hoja zinazofanana na hoja halali lakini si halali, akataja aina 13, na mojawapo ni kutojua hasa ni jambo gani linalopaswa kuthibitishwa au kukanushwa. Katika Matengenezo ya Kanisa, Philipp Melanchthon, mwenzake Luther pale Wittenberg, hakuona kuwa ni kupoteza wakati kuandika vitabu vya mantiki kwa ajili ya wanafunzi. Aliamini kwamba mhubiri asiyeweza kupanga hoja hataweza kulifafanua Neno.

Kipimo tunachopendekeza ni rahisi. Liandike dai. Iandike sababu. Kisha uliza maswali mawili: Ikiwa sababu hii ni ya kweli, je, dai linaongezeka nguvu? Ikiwa sababu hii ni ya uongo, je, dai linapungukiwa na chochote? Jibu likiwa "hapana" mara zote mbili, sababu hiyo haigusi swali, hata kama imesemwa kwa machozi.

1. Kumjibu mtu badala ya kuijibu hoja

Tuseme mtumishi wa Mambo ya Kale anaeleza kijijini kwamba rangi ikishakwanguliwa mwambani haiwezi kurudishwa, kwa hiyo michoro ilindwe. Mtu anasimama na kusema: "Huyu analipwa mshahara kwa sababu ya picha hizo. Angesema nini kingine?" Watu wanacheka, na kikao kinakwisha. Lakini je, rangi iliyokwanguliwa inarudi? Swali hilo halikuguswa. Mshahara wa msemaji haurudishi wala hauondoi rangi mwambani.

Amazia, kuhani wa Betheli, alifanya hivyo hivyo kwa Amosi. Badala ya kuuliza kama maneno ya Amosi juu ya Israeli ni ya kweli, alimtaka arudi Yuda akale chakula chake huko, kana kwamba unabii ulikuwa njia tu ya kujipatia riziki (Amo. 7:10-15). Mtindo huu una ndugu yake, ambaye Waswahili humwonyesha kwa methali ya nyani asiyeona kundule. Mzee wa kanisa akimwonya kijana juu ya ulevi, kijana hujibu kwamba mzee naye alikunywa katika arusi fulani. Huenda ni kweli, na mzee anastahili kuonywa pia. Hata hivyo ulevi wa wawili haumfanyi mmoja wao kuwa na kiasi.

Tuseme pia upande wa pili, ili tusiwaonee wasemaji wa namna hii. Zipo nyakati ambapo tabia ya mtu inagusa swali. Mtu akisema, "Niaminini, mimi niliona," hapo ushahidi wote umeegemea uaminifu wake, na ni haki kuuliza kama ni msema kweli. Lakini akitoa sababu ambazo kila mtu anaweza kuzikagua mwenyewe, tuzikague sababu hizo na tumwache yeye.

2. Kukihukumu kitu kwa asili yake

"Michoro hii ilichorwa na watu wasiomjua Kristo. Kwa hiyo ni ya shetani, na ifutwe." Hoja hii husikika kuwa ya kiroho sana. Inatembea juu ya methali isemayo kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. Kwa nyoka, methali hiyo ni kweli. Kwa picha, haitoshi.

Tuitie katika kipimo. Ni kweli kwamba waliochora hawakumjua Kristo, kwa kuwa jina lake lilikuwa bado halijafika nchi hii. Je, kweli hiyo inathibitisha kwamba picha ya twiga ni ibada ya shetani? Ingekuwa hivyo, tusingetamka Januari, maana jina hilo limetoka kwa Yano, mungu wa Warumi. Wala tusingeandika Biblia kwa herufi, kwa maana herufi hizo zina mizizi kwa Wafoinike walioabudu miungu mingi. Nathanaeli aliposikia habari za Yesu wa Nazareti alishangaa kama jambo jema laweza kutoka mji kama huo, na Filipo hakumpa hoja juu ya Nazareti, alimwalika aje kuona (Yn. 1:45-46). Huo ndio mwenendo wa haki: kitazame kitu chenyewe.

Ndugu wa upotofu huu ni kumhukumu mtu kwa kumfananisha na mwingine aliyekwisha hukumiwa. Katika mdahalo wa Leipzig mwezi Julai 1519, Johann Eck alijitahidi kuonyesha kwamba mafundisho ya Luther yalifanana na ya Jan Hus, aliyechomwa moto Konstanz mwaka 1415 kwa hukumu ya mtaguso. Katika ukumbi ule jina la Hus peke yake lilitosha kuwatisha watu. Luther, baada ya kuyaangalia upya mambo hayo, alikiri mbele ya wote kwamba miongoni mwa maneno ya Hus yaliyohukumiwa yalikuwamo ya Kikristo kabisa. Alihamisha swali kutoka "Unafanana na nani?" hadi "Je, ni kweli?" Kwa haki ya historia tuongeze mambo mawili: Eck alikuwa na hoja halisi pia, juu ya mamlaka ya mitaguso, na Luther mwenyewe katika maandiko yake mengi hakusita kuwatukana wapinzani wake. Jina la Luther halifanyi tusi kuwa hoja.

Kwa kawaida hoja ya asili hufuatwa na ya njia mbili: "Ama uifute michoro, ama wewe ni mpagani." Njia nyingine zinafichwa. Mtume Paulo, katika habari za vyakula vilivyotolewa kwa sanamu, alikataa kufungwa kati ya njia mbili namna hiyo. Alitenganisha nyama inayouzwa sokoni na kushiriki karamu ya sanamu: ile ya kwanza aliiruhusu bila kuulizauliza, hii ya pili aliikataza (1 Kor. 10:14-30). Mkristo wa Kolo anaweza kukataa kushiriki tambiko na papo hapo akaulinda mwambao wa pango usikwanguliwe. Kukataa tambiko ni jibu la swali la tatu. Kuulinda mwamba ni jibu la swali la pili.

3. Kuufanya ukosefu wa habari kuwa ushahidi

"Hakuna mzee hata mmoja anayejua nani alichora. Basi ni majini." Wengine, wakianza na maneno yale yale, humalizia: "Basi ni Wazungu." Hitimisho mbili zinazopingana zikitoka katika sababu moja, tujue kwamba sababu hiyo haikuzaa hata moja. Kutojua kwetu ni habari juu yetu, si habari juu ya mwamba. Warangi walifika nchi hii wakati wengine walikwisha kuwapo. Si ajabu masimulizi yao yasiwe na kumbukumbu ya kazi ya watu wengine. Zaidi ya hayo, masimulizi ya Wasandawe yaliyoandikwa na watafiti yanaihusisha kazi ya kuchora miambani na wazee wao. Pengine tuliuliza nyumba isiyohusika.

Wasomi nao wana mtego wao hapa, nao ni jina kubwa. Mwaka 1951 Mary Leakey, pamoja na mumewe Louis, alifanya kazi kubwa ya kunakili michoro ya Kondoa, na mwaka 1983 akachapisha kitabu juu yake. Katika picha moja ya Kolo linaonekana kundi la watu wembamba, na mmoja wa katikati ameshikwa mikono na wenzake. Mary Leakey aliiona kuwa picha ya utekaji. Watafiti wengine wa baadaye, wakiifikiria ngoma ya Wasandawe iitwayo simbo, ambayo wachezaji wake hupandwa na nguvu hata wakajiona kuwa simba, wameona uwezekano kwamba yule wa katikati hatekwi, bali anategemezwa na wenzake.

Ni nani aliye sahihi? Hatuwezi kujibu kwa kusema, "Leakey ndiye mkuu, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Sifa ya mtaalamu inatudai tumsikilize kwanza na kwa makini, hiyo ni heshima anayostahili, na asiye na muda wa kuchunguza hafanyi vibaya kumwamini. Lakini wataalamu wanapotofautiana, jina halitoi uamuzi. Hapo tunarudi kwenye sababu walizotoa. Na mtaalamu akitoka nje ya fani yake, ukuu wake unabaki nyuma: daktari bingwa wa moyo si kwa sababu hiyo mfasiri wa Kitabu cha Danieli, wala askofu si kwa sababu ya uaskofu wake mjuzi wa umri wa miamba.

4. Lisemwalo, na lisemwalo na wengi

Upo uvumi kwamba Wajerumani walificha mali katika miamba ya Kondoa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na kwamba michoro ni alama walizoziacha. Uvumi huo umewafanya watu wachimbe katika sakafu za mapango, mahali ambapo udongo wenyewe ni maktaba ya wachimbuzi wa mambo ya kale.

Tuangalie jinsi hoja ilivyoundwa. Wajerumani walikuwapo Kondoa: kweli. Waliondoka kwa vita: kweli, kwani majeshi ya Afrika Kusini yaliuteka mji huo mwezi Aprili 1916, na shambulio la Wajerumani la mwezi Mei la kuurudisha halikufaulu. Kuna alama miambani: kweli. Sababu tatu za kweli! Lakini hakuna hata moja inayosema kwamba mali ilizikwa, na ile ya tatu haina uhusiano wowote na Wajerumani, kwa kuwa michoro ilikuwapo kabla ya babu zao kujua kwamba kuna nchi iitwayo Kondoa. Mtu akibanwa hapo hukimbilia methali: "Lisemwalo lipo, kama halipo laja." Au hubadilisha mzigo na kusema: "Thibitisha kwamba haipo." Lakini mwenye kudai ndiye mwenye deni la ushahidi. Tukikubali kanuni ya kwamba kisichokanushwa ni kweli, hakuna shamba litakalosalimika, kwa maana hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba chini ya shamba lake hakuna kitu.

Wingi wa wasemaji haubadilishi jambo, hasa kama wote walisikia kwa mmoja. Methali "wengi wape" ni hekima njema ya kuamua zamu ya kuchota maji au siku ya mkutano. Haifai kuamua lililo kweli. Huko Efeso Demetrio mfua fedha alianza na habari za mapato ya mafundi, akaongeza heshima ya mungu wao wa kike, na mwisho mji ukapiga kelele kwa muda wa saa mbili, ilhali wengi wao hawakujua sababu ya kukusanyika (Mdo. 19:23-34). Saa mbili za sauti kubwa, na swali la Paulo juu ya miungu iliyofanywa kwa mikono halikupata jibu hata moja.

5. Kilichotangulia si lazima kiwe chanzo

Sasa tunafikia mahali penye uzito zaidi kwetu sisi wenyewe. Wazee walipanda Mungumi, na baada ya siku chache mvua ikanyesha. "Basi tambiko limeleta mvua." Mkristo aliyesoma hukataa upesi. Hueleza kwamba nchi ya Kondoa ina msimu mmoja wa mvua, takriban kati ya Desemba na Aprili. Kwamba tambiko hufanywa wakati mvua inapotarajiwa au inapochelewa. Na kwamba ikiwa hivyo, mara nyingi mvua itafuata hata kama hakuna aliyepanda. Huongeza kwamba watu hukumbuka miaka iliyonyesha na kusahau ile ambayo mbuzi alichinjwa na mbingu zikabaki shaba. Maelezo hayo ni sahihi.

Lakini je, Jumapili inayofuata mchungaji asemeje? Usharika ulifanya maombi ya mvua, na mvua ikanyesha. Akisimama mimbarani na kusema, "Mmeona wenyewe, sisi tumeomba na imenyesha, kwa hiyo Mungu wetu ndiye wa kweli," ametumia daraja lile lile alilolivunja jana. Mwenye tambiko aliye na akili atamwuliza: "Kwangu ni msimu, kwako ni Mungu?" Naye hatakuwa na jibu.

Hatusemi kwamba Mungu hasikii maombi ya mvua. Tunakiri katika Kanuni ya Imani kwamba yeye ni Muumba, na tunaomba mkate wa kila siku kwa sababu alituamuru tuombe na akaahidi kusikia. Lakini msingi wa ombi ni ahadi, si hesabu ya mara ngapi imenyesha. Mwaka wa ukame ahadi inasimama pale pale. Mchungaji aliyewafundisha watu wake kumthibitisha Mungu kwa mvua ya Januari, atawaambia nini Januari ya ukame?

Kosa hili limo pia katika mambo ya serikali na ya kitaalamu. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo la kilomita za mraba 1,256 la Kondoa lililoharibiwa na mmomonyoko. Majani na miti vikarudi. Ni haki kusema kwamba kuondolewa kwa mifugo kulisaidia uoto kurudi. Lakini wapo waliovuka na kuhitimisha kwamba basi ng'ombe na mbuzi wa Warangi ndio peke yao waliochimba makorongo yale. Watafiti waliopima umri wa udongo uliohamishwa na maji katika vilima vya Irangi wameonyesha kwamba mmomonyoko mkubwa ulikwisha kutokea huko maelfu ya miaka iliyopita. Dawa iliyosaidia haithibitishi peke yake nini kilileta ugonjwa.

Na kuna mahali ambapo upotofu huu huua. Mtoto ameugua baada ya bibi kizee kupita. Bibi ana macho mekundu. Basi bibi ni mchawi. Kwa miongo mingi, hasa Usukumani na katika mikoa ya jirani, wanawake wazee wameuawa kwa mapanga kwa hoja isiyozidi hiyo. Macho yale yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni na wa samadi ambao kwao bibi huyo aliwapikia watoto na wajukuu maisha yake yote. Watu wa Malta walipomwona nyoka amemwuma Paulo walihitimisha kwamba ni mwuaji, baadaye, alipokosa kuvimba, walihitimisha kwamba ni mungu (Mdo. 28:3-6). Kutoka kwa nyoka mmoja walipata hukumu mbili zilizo mbali kama mashariki na magharibi, zote mbili za uongo. Paulo alikuwa na bahati kwamba walisubiri. Bibi kizee hasubiriwi.

Wanafunzi wa Yesu nao walipomwona kipofu walitaka kujua nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana alizikataa njia zote mbili (Yn. 9:1-3). Vivyo hivyo aliwakataza watu wasiwahesabu wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu kuwa wakosaji kuliko wengine (Lk. 13:4-5). Mchungaji anayesema msibani kwamba marehemu alikufa kwa sababu fulani ya siri amevunja mfano wa Bwana wake kabla ya kuvunja kanuni ya mantiki.

TAHADHARI TATU

Kwanza, hoja mbovu haithibitishi kwamba hitimisho ni la uongo. Mtu anaweza kutetea jambo la kweli kwa sababu isiyofaa. Tukishaonyesha kwamba daraja halipo, tumebomoa daraja tu. Ng'ambo ya mto bado ipo, na pengine kuna njia nyingine ya kuifikia.

Pili, methali tulizozitaja si adui zetu. Methali ni taa ya kumulika njia, lakini taa haimwambii msafiri ni wapi anakokwenda. Kila methali ina mwenzake anayevuta upande wa pili: "Haraka haraka haina baraka," na "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Mwenye hekima hutambua wakati wa kila moja. Kosa ni kuitupa methali katikati ya kikao kana kwamba ndiyo hukumu ya mwisho.

Tatu, ujuzi huu usigeuzwe kuwa fimbo. Mwanafunzi aliyejifunza majina ya upotofu hupenda kuyarushia wengine, na huko nako ni kumjibu mtu badala ya kuijibu hoja. Mzee wa mila anaposema, "Baba zetu walifanya hivi," huenda hatoi hoja ya mamlaka. Huenda anasema kwamba anaogopa wajukuu wake watabaki bila mahali pa kuyapeleka mahangaiko yao. Hofu hiyo inastahili kusikilizwa kwanza, kabla ya somo.

HITIMISHO

Tunapendekeza kwamba katika kila kikao chenye ubishi mwenyekiti aanze kwa kuliandika swali ubaoni au karatasini, nalo liwe moja. Kila sababu ikitolewa, aulize kwa upole: "Hii inagusa vipi swali letu?" Sababu inayogusa swali jingine isidharauliwe, iandikwe pembeni, isubiri zamu yake. Utaratibu huu ni mdogo, lakini kikao kilichoufuata hakitapeleka watu mwambani na nyundo kwa sababu ya swali la tambiko, wala hakitamfukuza mtu kijijini kwa sababu ya rangi ya macho yake.

Katika Amri ya Nane tunakatazwa kumshuhudia jirani uongo, na katika Katekisimo Ndogo Luther anatufundisha kumtetea jirani na kuyaeleza mambo yake kwa wema. Mara nyingi tumeihesabu amri hiyo kuwa inahusu mahakama na umbeya peke yake. Lakini mtu anayehukumiwa kwa sababu isiyogusa swali ameshuhudiwa uongo, hata kama kila neno lililosemwa juu yake lilikuwa la kweli. Bibi yule alikuwa na macho mekundu kweli. Mtoto aliugua kweli. Mantiki kwa mchungaji ni sehemu ya kuitii amri hiyo, na anayeihitaji zaidi ni yule asiyekuwapo kikaoni kujitetea.